Pri, Pawa na Mvua ya Tukuyu

Fundi alinimwagia kiganjani vyuma viwili vidogo, kama mtu anayerudisha chenji. Vilikuwa vya rangi ya fedha, kila kimoja kimekunjwa umbo la herufi U, vidogo kuliko kucha ya dole gumba. "Mwalimu," akasema, "miaka yote hii vimekaa nyuma ya mashine yako, hukuwahi kujiuliza kazi yake?"

Kazi yake nilikuwa naijua. Nimefundisha fizikia miaka 26, na mchoro wa amplifaya nimeuchora ubaoni mara nyingi kuliko nilivyokula makande. Nilichokosa ni ubavu wa kuvichomoa.

Ilikuwa Machi. Mvua ilipiga bati la kibanda chake karibu na stendi ya Tukuyu, ile mvua yetu isiyo na haraka ya kwenda popote. Amplifaya yangu nilikuwa nimeileta kwenye mfuko wa mbolea, upande wake wa kushoto umekufa kwa radi ya wiki iliyotangulia. Vyuma vile viwili ndivyo vilivyoiokoa, lakini kwanza nieleze nilivyofika hapo, maana nilifika kwa kuzunguka sana na kwa hasara.

Mjomba wangu alifanya kazi migodi ya Kopabelti, Zambia, kama vijana wengi wa Rungwe wa rika lake. Aliporudi alishusha kutoka kwenye lori kabati la mbao iliyong'arishwa, refu kama jeneza la mtoto, na ndani yake mlikuwa na kila kitu: redio, mashine ya santuri, amplifaya, spika mbili zilizofichwa nyuma ya kitambaa cha rangi ya kahawia. Lilikula betri kavu kama ng'ombe anavyokula migomba. Jumapili watu walijaa uani kusikiliza, na mjomba hakuruhusu mtu mwingine ashike sindano. Siku lilipokata sauti, lilikata lote. Mafundi wa hapa walilifungua, wakaguna, wakalifunga. Shangazi akatoa mashine ya santuri, akafuta vumbi, akapanga vikombe vya wageni. Mpaka anafariki, chai ya wageni kwa mjomba ilitoka ndani ya redio.

Kwa hiyo nilikua nikiamini kwamba ubaya wa kitu kilichounganishwa ni huo: kiungo kimoja kikifa, mwili mzima unakuwa kabati.

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa Dar es Salaam kusoma. Serikali ilikuwa imeruhusu mwaka 1984 watu walete bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na mizigo ya kutoka Uarabuni ikaanza kuonekana Kariakoo baada ya miaka ya kusubiri hata sabuni. Jioni tulikwenda kuwasikia Mlimani Park na Msondo wakipiga wenyewe, na hapo ndipo nilipojua gitaa la solo linavyolia hewani kabla halijapitia kwenye spika ya redio ya mkulima. Nikaanza kukusanya santuri. Nyingi zilikandamizwa Nairobi, kwa kuwa sisi tulikuwa na studio ya Radio Tanzania lakini hatukuwa na mtambo wa kutengeneza santuri. Za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa mwaka 1979, nilizinunua hata kabla sijawa na cha kuzipigia.

Mhadhiri mmoja alinikaribisha kwake, akaniwashia mashine ya Kiingereza: Quad 33 na Quad 303, za mwaka 1967. Boksi mbili. Moja ndogo yenye vitufe, nyingine nzito isiyo na kitufe chochote, imekaa sakafuni kama mlinzi asiyependa maneno. Akanieleza mantiki yake, nami nikaibeba miaka ishirini nikiwaeleza wanafunzi wangu kwa mfano wangu mwenyewe.

Sindano ikipita kwenye mfereji wa santuri inatoa umeme kidogo sana, kama milivolti 5. Spika ya kawaida ya omu 8 ikipewa wati 20 inapokea karibu volti 13. Kati ya kile kinong'ono na kile kishindo pana kukuza mara 2,500 hivi. Kazi hiyo inagawanywa. Ile inayoitwa pri inakipokea kinong'ono, inakinyoosha, inakuachia uchague chanzo na kiasi cha sauti. Ile inayoitwa pawa haichagui kitu, inasukuma tu. Sasa ili isukume inahitaji transfoma kubwa, na transfoma kwa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde inavuma, ikitupa usumaku wake pande zote. Ukiziweka pri na pawa kwenye boksi moja umemlaza mtoto mchanga jirani na mashine ya kusaga. Waingereza wale waliipeleka mashine ya kusaga nyumba ya pili.

Mantiki ni safi. Sikuona kosa ndani yake hadi nilipoileta Tukuyu.

Mwaka 2003 nilipata pri na pawa za Kijapani, mtumba, pale Mwanjelwa, Mbeya. Fedha ilikuwa ya mkopo wa chama cha walimu, na mama watoto alikuwa ameambiwa ni ya kumalizia choo. Nilipanda Kosta na pawa mapajani. Ilikuwa na uzito wa kilo kama 16, na tulipofika Isongole miguu yangu yote miwili ilikuwa imekufa ganzi. Kondakta akauliza kama ni betri ya trekta. Nilijibu ndiyo, maana jibu la kweli lingetufikisha Kiwira.

Usiku ule niliunganisha. Kabla hata ya muziki, spika zikavuma. Mvumo mnene, wa chini, usiobadilika hata ukizungusha kitufe cha sauti hadi mwisho wa kushoto. Nikashika boksi la pri kwa kidole, likanitekenya. Nikabadilisha nyaya. Nikabadilisha nafasi. Usiku wa tatu nikamwita fundi, wakati huo akiwa kijana tu aliyejifunza kwa kufungua redio za baba yake. Akaja na mita yake, akapima soketi ya sebuleni, kisha ile ya ukumbini nilikokuwa nimevuta ekstensheni kwa ajili ya pawa.

"Mwalimu, hii ya sebuleni athi yake haifiki popote. Ile ya ukumbini inafika. Mashine zako zinagombana kupitia waya wa AV."

Tundu la athi, yaani la waya wa kuteremka ardhini, lilikuwepo ukutani, lakini waya uliishia ndani ya plasta. Akachimbia chuma kipya nje ya nyumba, akakiunga na soketi, na boksi zote mbili akazichomeka kwenye ekstensheni moja. Mvumo ukafa, na mtekenyo nao. Jirani yangu, aliyekuwa na tatizo kama hilo, alitatua kwa kuvunja ule mguu wa tatu wa plagi. Mvumo wake nao ulikoma, lakini sikupenda tena watoto wangu waende kuangalia televisheni kwake.

Nilidhani nimemaliza. Lakini Tukuyu tunapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kuna miezi ambayo nguo inakaa kambani siku nne na bado unaianua mbichi. Viatu vya ngozi vinaota ukungu uvunguni. Unyevu huohuo unaingia kwenye kila mahali ambapo chuma kinagusa chuma. Mfumo wangu ulikuwa na nyaya za AV kutoka mashine ya santuri kwenda pri, kutoka deki ya kaseti kwenda pri na kurudi, kutoka pri kwenda pawa: ncha kumi na sita, nilizihesabu. Kila moja ilikuwa inapata utandu mweusi. Kwanza upande wa kulia unafifia, unaugusa waya, unarudi. Kisha unachakacha. Kisha unanyamaza katikati ya wimbo na wewe una wageni. Kila Jumamosi ya pili nilikuwa nyuma ya kabati nimepiga magoti, na spiriti na kitambaa cha fulana ya zamani, nikichomoa, nikifuta, nikichomeka. Mama watoto alisema hata kanisani sipigi magoti kiasi kile.

Halafu kuna suala la mpangilio wa kuwasha. Kwenye vipande viwili unawasha pri kwanza, unaisubiri itulie, ndipo pawa. Kuzima ni kinyume chake. Ukikosea, pri inapoamka inapiga chafya ndogo, na pawa iliyo macho tayari inaikuza ile chafya mpaka mshindo. Nyumbani kwangu wote walikariri utaratibu huo, hata binti yangu wa darasa la pili. Umeme haukuukariri. Ulikatika jioni moja tukiwa tunasikiliza, tukalala, na saa nane usiku ukarudi, ukaziamsha zote mbili kwa mpigo. Mshindo ule ulimwamsha hadi mbwa. Asubuhi spika ndogo ya juu upande wa kushoto, ile mafundi wanaiita twita, ilikuwa kimya, na uzi wake wa shaba umekatika kama nywele.

Na hapa nikiri jambo ambalo wapenzi wa mashine hawapendi kulisikia. Kwa miaka miwili ya kwanza nyumba yangu haikuwa na dari. Ilikuwa bati tupu. Kuanzia Novemba hadi Mei, mvua ikianza, hakuna binadamu angeweza kutofautisha pri ya Kiingereza na redio ya betri mbili. Nilikuwa nimekopa fedha kupunguza mvumo ambao hata paka hausikii, na juu ya kichwa changu kulikuwa na ngoma ya mita za mraba themanini. Siku nilipoweka siling bodi, na juu yake tukatandaza magunia matupu, muziki uliongezeka ubora kuliko mashine yoyote niliyowahi kununua. Fundi seremala hakujua kwamba amefanya kazi ya elektroniki.

Mwaka 2009 niliziuza pri na pawa kwa mwalimu mwenzangu aliyehamishiwa Dodoma. Kule mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600. Naambiwa zinapiga mpaka leo na hajawahi kufuta waya hata mmoja.

Mimi nikanunua boksi moja. Kwa kununua boksi moja nilijiona nimeshuka hadhi, mpaka niliposoma habari za NAD 3020, iliyotoka mwaka 1978: amplifaya ya pamoja, ya bei ya kawaida, wati 20 tu kila upande, na ikanunuliwa duniani kote kuliko mashine za mabwana wakubwa. Nyuma yake watengenezaji waliacha matundu yanayoonyesha pri inapoishia na pawa inapoanzia, wakayaunga kwa vyuma vya U. Yangu ilikuwa ya kampuni nyingine lakini ya mtindo huohuo. Niliviona vile vyuma siku ya kwanza, nikasema hivi ni vya watu wanaotafuta matatizo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya raha. Plagi moja, swichi moja, nyaya nne. Boksi lilikuwa na joto lake, na joto lile lilifukuza unyevu ndani yake lenyewe. Nililiacha limewashwa usiku na mchana miezi ya mvua, likila wati 30 hivi, ambazo kwa saa 24 ni pungufu kidogo ya robo tatu ya uniti. Mwezi Juni, baridi inapokaza na hamira inagoma kufanya kazi jikoni, mama watoto alikuwa anaweka bakuli la unga wa maandazi juu ya amplifaya, amefunika kwa kanga. Nilipinga kwa sababu za kitaalamu. Maandazi yakaja, nikaacha kupinga.

Mwanangu wa kiume yeye alituona wote wazee. Alileta sabufa mpya, na taa zake za bluu, boksi limeandikwa wati 8,000. Nikamweka chini. Plagi hii, nikamwambia, ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha kwa volti 230. Akapata 2,990. "Sasa wati elfu tano zilizobaki zinaingilia wapi, dirishani?" nikamuuliza. Alicheka, akaongeza besi mpaka vioo vikatetema. Haki yake nayo niitoe: sabufa ile ni boksi moja kuliko boksi moja langu, ina redio, ina sehemu ya flashi, inapokea nyimbo kutoka kwenye simu, na bei yake ni ya mbuzi. Ikiharibika haitengenezwi, inatupwa. Yeye hilo halimsumbui. Mimi linanisumbua kama mtu anavyosumbuliwa na chakula kinachomwagwa.

Mashaka yangu yalirudi kupitia kanisani. Kwetu tulikuwa na pawa mixa, lile boksi ambalo mikseri ya maiki na pawa vimo pamoja. Jumamosi ya kuamkia Pasaka radi ilipiga nguzo ya jirani, na upande wa mikseri ukafa: vitufe vyote, maiki zote. Waliokuja kuangalia wakasema ni mzima upande wa pawa, lakini hauna mlango wa kuingilia. Ulikuwa nao, nyuma, umezibwa na plasta ya kufungia waya, hakuna aliyeuangalia. Ibada ya Pasaka ikabebwa na tarumbeta na makoo ya watu, na ilikuwa nzuri, ingawa mahubiri waliyasikia wa mbele tu. Wazee wa kanisa wakanunua mikseri na pawa, kila kimoja na boksi lake. Mzee mmoja, mkulima wa chai, alieleza mkutanoni vizuri kuliko mimi ningeweza: ng'ombe wawili wafungwe kamba mbili.

Na mwaka uliofuata radi ikaja kwangu. Nilikuwa nimezima swichi ya ukutani, sikuchomoa plagi. Tofauti hiyo naifundisha. Swichi inaacha nafasi ya milimita chache, na radi iliyovuka kilomita za hewa haiwezi kushindwa na milimita chache.

Hivyo ndivyo nilivyofika kibandani na mfuko wa mbolea. Fundi alifungua mfuniko. Transista mbili za pawa upande wa kushoto zilikuwa zimepasuka, na harufu yake ilikuwa ya njugu zilizoungua. Za kubadilisha zipo, akasema, ila zinazoletwa siku hizi nyingi ni za bandia. Jina juu ni lile, ndani ni kitu kingine, unazifunga leo na kesho zinakwenda na spika. Alikwisha jaribu kwa mteja mwingine. Akazungusha mashine, akavuta vile vyuma vya U kwa koleo ya mdomo mwembamba, kimoja, kingine. Akachomeka waya wa AV kwenye matundu ya juu, akaupeleka kwenye pawa ndogo ya mezani kwake. Sauti ikatoka pande zote mbili, safi. Pri yangu ilikuwa haijaguswa.

"Sasa unahitaji pawa tu, Mwalimu. Na pawa najua ilipo."

Ilikuwa stoo ya kanisa, chini ya viti vibovu. Ile pawa mixa ya Pasaka. Wazee waliniuzia kwa bei ya chuma chakavu na sala fupi. Fundi alibandua plasta, akatengeneza waya wenye pini za AV upande mmoja na jeki mbili kubwa za maiki upande wa pili, akalehemu kwa mkono ambao haukutetemeka hata kidogo. Nusu hai ya mashine yangu akaiozesha nusu hai ya mashine ya Bwana.

Kasoro ilikuwa feni. Pawa za kanisani zina feni, na feni yake ilinguruma kama kibasi cha Kyela kinapopandisha. Mtoto na mashine ya kusaga, tena. Safari hii ukuta ulikuwepo. Tulitoboa tundu, pawa ikahamia stoo ya maharage, na sebuleni ikabaki pri peke yake, ya vuguvugu, kimya. Kwa kuwa pawa ile ina nguvu mara kadhaa ya kile spika zangu zinachostahimili, fundi alichora mstari mwekundu kwenye kitufe chake kwa rangi ya kucha ya binti yangu, akatamka mbele ya familia nzima kwamba atakayevuka mstari ule atanunua twita mwenyewe. Hadi leo haujavukwa. Plagi ziko mbili, kwenye ekstensheni moja, na mawingu yakikusanyika juu ya mlima Rungwe nachomoa ekstensheni yenyewe, siamini swichi.

Watu huniuliza wanunue ipi. Huwauliza kwanza nyumba yao ina dari, athi yao inafika chini, na fundi wao anaitwa nani. Wengi wanaona nimekwepa swali.

"Ndaga fijo," nilimshukuru fundi kwa Kinyakyusa alipomaliza, nikampa fedha yake na debe la parachichi. Akakataa fedha nusu, parachichi akachukua zote.

Vile vyuma viwili viko kwenye kikombe kimoja cha shangazi, kilichovunjika mkono, kilichotoka kwenye kabati la mjomba, pamoja na ufunguo wa baiskeli ambayo haipo tena. Jana jioni niliweka santuri ya Mbaraka, nikakaa. Gitaa la pili lilikuwa linaingia. Nikasikia tone moja kwenye bati, kisha matatu, kisha magunia yote juu ya dari yakaanza kuguna. Nikainuka, nikanyanyua sindano, nikaenda kuchomoa.